Mwanzo wa Hesabu Usiotajwa: Uhakiki wa Uandishi wa Tarehe katika Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Tarehe huchukuliwa kuwa sehemu ya andiko isiyohitaji kufasiriwa. Makala hii inapinga dhana hiyo. Kwa kuchunguza majina ya siku, hesabu ya miezi ya mifunguo, miaka ya Hijria katika tamati za tenzi, mpaka wa siku na siku, na tarehe zinazoandikwa kwa mikwaju, makala inadai kwamba utata wa tarehe katika Kiswahili hautokani na tarakimu zenyewe bali na mwanzo wa hesabu ambao mwandishi hakuutaja kwa sababu aliamini kwamba msomaji wake anaujua. Msomaji anapobadilika, kwa kupita kwa wakati au kwa kuvuka mpaka wa nchi, tarakimu hubaki zilezile lakini siku huhama. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuhariri tarehe za kale na ya kuandika tarehe za sasa katika ukanda unaozidi kutumia Kiswahili kwa shughuli rasmi.

1.0 Utangulizi

Mhakiki anapokutana na sitiari katika utenzi, husimama na kuuliza maana yake. Anapokutana na tarehe, hupita. Tarehe imekabidhiwa kwa mwanahistoria na mtunza nyaraka, nao mara nyingi huipokea kama ilivyo. Hata hivyo, tarehe ni kauli ya lugha kama kauli nyingine. Husemwa na mtu mahali fulani kwa hadhira fulani, na husimama juu ya mapatano ambayo hayaandikwi.

Mapatano yaliyo muhimu kuliko yote ni ya mahali hesabu inapoanzia. Kusema "ya tano" si kusema kitu kamili mpaka ijulikane ya kwanza ni ipi. Hoja hii ni nyepesi ikitamkwa, lakini athari zake katika maandishi ya Kiswahili ni nzito. Kiswahili kimeishi katika kalenda zaidi ya moja kwa karne kadhaa, na kila kalenda imekiachia mwanzo wake wa kuhesabia. Mianzo hiyo haikufutana, bali imekaa pamoja katika lugha moja, na wakati mwingine katika sentensi moja.

2.0 Siku: Ya Tano ni Ipi?

Mfano wa wazi upo katika majina ya siku za juma. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja. Kutoka hapo hesabu huendelea mpaka Jumatano, yaani siku ya tano. Siku inayofuata ni Alhamisi, jina lililotoka katika Kiarabu, nalo pia maana yake ni ya tano, kwa kuwa katika Kiarabu hesabu huanzia Jumapili. Kwa hiyo Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Kibantu inayoanzia Jumamosi na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Mzungumzaji aliyezaliwa na lugha haoni tatizo, kwa sababu kwake majina haya si hesabu tena. Ni majina tu, kama jina la mtu.

Tatizo huonekana Kiswahili kinapovuka mpaka. Katika Kiganda, siku ya tano ni Lwakutaano, nayo ni Ijumaa. Katika Kinyarwanda, kuwa gatanu, yaani siku ya tano, ni Ijumaa vilevile. Lugha hizi huhesabu kuanzia Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali anayejifunza Kiswahili husikia "tano" ndani ya Jumatano na akili yake humpeleka Ijumaa, siku mbili mbele. Hajakosea hesabu, maana amehesabu sawasawa kutoka mwanzo wake mwenyewe.

Vitabu vya kufundishia Kiswahili kama lugha ya pili aghalabu hutoa majina ya siku kama orodha ya kukariri, bila kueleza kwamba juma la Kiswahili linaanzia Jumamosi na kwa nini. Maelezo hayo ya mstari mmoja yangemwokoa mwanafunzi. Pale ambapo andiko ni wito wa mahakama au kadi ya kliniki, siku mbili si jambo dogo.

3.0 Miezi: Hesabu Inayoanzia Baada ya Mfungo

Katika mwambao, miezi ya mwaka wa Kiislamu imehesabiwa kwa njia ambayo haipatikani katika kalenda ya Kiarabu. Mwezi unaofuata Ramadhani, yaani Shawali, huitwa Mfunguo Mosi. Wengine husema Mfungo Mosi. Dhulkaada ni Mfunguo Pili na Dhulhija ni Mfunguo Tatu. Muharamu, ambao ni mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijria, ni Mfunguo Nne. Hesabu huendelea mpaka Mfunguo Tisa, kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa majina yao.

Mpango huu una mantiki yake. Mwanzo wa hesabu ni tukio linaloonekana na kila mtu: mwezi umeandama, watu wamefungua, na siku mpya zimeanza kuhesabiwa. Lakini kwa mhariri asiyeujua, mpango huu ni mtego wa namna mbili.

Mtego wa kwanza ni wa tarakimu. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ni Rabiulawali, na Rabiulawali ni mwezi wa tatu wa mwaka wa Hijria. Anayefasiri "Mfunguo Sita" kuwa "mwezi wa sita" huisogeza barua miezi mitatu mbele.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Mwaka wa Hijria hubadilika kati ya Mfunguo Tatu na Mfunguo Nne, katikati ya hesabu. Kwa hiyo, ndani ya mwaka mmoja wa Hijria, Mfunguo Nne hutangulia na Mfunguo Tatu huja mwisho. Barua mbili, moja ya Mfunguo Tatu na nyingine ya Mfunguo Nne, zikiwa na mwaka uleule, zitapangwa na mtunza nyaraka kwa kufuata namba: ya tatu kwanza, ya nne baadaye. Ukweli ni kinyume chake. Barua ya Mfunguo Nne iliandikwa mwanzoni mwa mwaka na ya Mfunguo Tatu mwishoni. Jibu litasomwa kabla ya swali, na deni litaonekana kulipwa kabla ya kukopwa.

4.0 Mwaka: Kati ya 1728 na 1729

Ni desturi ya watunzi wa tenzi kutaja katika tamati jina lao, idadi ya beti na tarehe. Tarehe hiyo hutamkwa kwa maneno, mara nyingi kwa hesabu ya Kiarabu iliyoswahilishwa, na hulazimika kuingia katika mizani na vina. Ni ushahidi na ni ushairi kwa wakati mmoja. Mhariri anayeing'oa kutoka katika ubeti na kuiweka katika utangulizi wake kama tarakimu nne tupu amekwisha kufanya uamuzi wa kihakiki, hata kama hakukusudia.

Utenzi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Utenzi wa Herekali na unaohusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, una tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria. Vitabu vingi vya historia ya fasihi ya Kiswahili huandika 1728. Lakini mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729. Sehemu yake iliyo ndani ya 1728 haifiki miezi mitano. Iliyobaki, zaidi ya nusu, imo katika 1729. Mtu mwenye mwaka tu mkononi, bila mwezi, akilazimishwa kuchagua moja, uwezekano unaelekea 1729. Kilichofanya 1728 kuwa mwaka wa vitabuni ni mazoea ya kuchukua mwaka wa Miladi ambamo mwaka wa Hijria unaanzia.

Hali ni hiyohiyo kwa Utendi wa Mwana Kupona, unaowekwa katika mwaka 1275. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 na ukaisha Julai 1859. Wanafunzi hufundishwa 1858, na katika mitihani mwaka huo huwa jibu sahihi. Mwanafunzi anayeandika 1858/59 ameandika jibu lililo karibu zaidi na ushahidi.

Mwezi ukitajwa, unaweza kuamua mwaka. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mswada wenye maneno "Mfunguo Sita, mwaka 1141". Mhariri anayejua kwamba Mfunguo Sita ni Rabiulawali ataufikisha Oktoba 1728. Mhariri anayedhani ni mwezi wa sita ataufikisha Januari 1729. Kosa la jina la mwezi limezaa kosa la mwaka, na mwaka ndio utakaonukuliwa na kila atakayekuja.

Inaweza kudaiwa kwamba mwaka mmoja si kitu katika historia ya karne tatu. Dai hili lina uzito pale ambapo suala ni karne. Halina uzito pale ambapo suala ni utangulizi: andiko lipi lilitangulia lipi, mtunzi yupi alimsikia yupi. Tafsiri ya Hamziya ya Sayyid Aidarusi, ambayo huhusishwa na mwaka 1062, imezua mabishano marefu miongoni mwa wataalamu kuhusu tarehe yake, na mabishano hayo yanagusa moja kwa moja swali la andiko lipi liwekwe mwanzoni mwa historia ya fasihi andishi ya Kiswahili. Katika mjadala wa namna hiyo, mhakiki anahitaji kuona maneno ya tarehe kama yalivyo katika mswada. Anahitaji pia kujua kama tarehe ni ya mtunzi aliyetunga au ya mnakili aliyenakili, kwa kuwa tamati moja inaweza kubeba sauti za wote wawili.

Ikumbukwe pia kwamba kubadili Hijria kuwa Miladi si suala la kujumlisha 622 tu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo tofauti kati ya miaka ya kalenda hizi mbili hupungua kadiri wakati unavyopita. Anayejumlisha 622 kwa 1141 hupata 1763, kosa la zaidi ya miaka thelathini. Isitoshe, mwezi huandama kwa kuonekana, na huweza kuonekana mji mmoja usionekane mji mwingine. Majedwali ya kubadilishia kalenda yanatoa siku iliyo karibu, wala hayatoi hakika ya siku ile iliyohesabiwa Pate au Kilwa.

Wapo watafiti walioonyesha njia iliyo bora. Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl, walipochapisha uchunguzi wao wa barua ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani iliyohifadhiwa Goa, waliiweka katika karne ya 12/18, yaani ya kumi na mbili kwa Hijria na ya kumi na nane kwa Miladi. Kalenda ya mwandishi imetangulia na ya msomaji imefuata. Hata hivyo, njia hii nayo inamdai msomaji anayejua mapatano. Asiyeyajua anaweza kuuona mkwaju huo na kudhani ni tarehe ya mwezi wa Desemba.

5.0 Mpaka wa Siku: Usiku ni wa Nani?

Kwa hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa, kwa maana hiyo, ni usiku unaoanza Alhamisi jioni. Kwa kalenda ya ofisini, siku huanza usiku wa manane, na "Ijumaa usiku" ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Saa ya Kiswahili imebaki na mpaka wa zamani: saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya jua kutua, na saa nane ni ya nane katika usiku uleule. Kwa hiyo anayeandika "Jumamosi, saa nane usiku" anatumia saa inayoanzia magharibi pamoja na kalenda inayoanzia usiku wa manane. Kwa saa yake, ni usiku ulioanza Jumamosi jioni. Kwa kalenda, saa hiyo tayari ni Jumapili.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea katika usiku wa namna hii. Tarehe rasmi ni 12 Januari 1964, siku ya Jumapili. Msimulizi mmoja anaweza kusema "usiku wa Jumapili" kwa hesabu ya zamani, mwingine "Jumamosi usiku" kwa mazoea ya sasa, na wote wakawa wanazungumzia saa zilezile. Mtafiti wa masimulizi simulizi asiyelijua hili ataona mgongano wa mashahidi pale ambapo pana mgongano wa kalenda tu, na anaweza kumtilia shaka shahidi mkweli.

Inafaa kuzingatia kwamba lugha imejitafutia dawa yenyewe. Kauli "usiku wa kuamkia Jumapili", iliyozoeleka katika magazeti na taarifa za habari, inataja siku ambayo usiku huo unaelekea. Haimdai msomaji ajue siku inaanzia wapi. Inampa pambazuko la kushika. Hiki ndicho kigezo ambacho tarehe nyingine zote zingepaswa kupimwa nacho.

6.0 Mikwaju: Tarakimu Zisizo na Majina

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya miswada, na kwamba Kiswahili cha leo kina Januari mpaka Desemba, basi yamekwisha. Lakini mwandishi wa leo haandiki Januari. Huandika 1, na kabla yake au baada yake huweka mkwaju.

Afrika Mashariki na Kati huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kwa kufuata desturi za Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji. Marekani hutanguliza mwezi. Programu nyingi za kompyuta huja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, na tarehe iliyoingizwa Dodoma au Bujumbura husomwa na mashine kwa mpangilio ambao mwandishi hakuuchagua. Namba ya siku inapozidi 12, kosa hujifichua, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Inapokuwa 12 au chini yake, hakuna kinachojifichua. Kila mwezi una siku kumi na mbili za namna hiyo, jumla 144 kwa mwaka. Zikiondolewa zile 12 ambazo namba ya siku na ya mwezi ni moja, hubaki siku 132, zaidi ya theluthi ya mwaka, ambazo zinaweza kugeuzwa kuwa siku nyingine bila dalili yoyote.

Kalenda ya uhuru wa ukanda huu inaonyesha uzito wa jambo hili. Uhuru wa Tanganyika ni 9/12/1961. Ukigeuzwa, unakuwa Septemba. Uhuru wa Rwanda na Burundi, 1/7/1962, unakuwa 7 Januari. Wa Uganda, 9/10/1962, unarudi Septemba. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, yanakuwa 1 Desemba, miezi saba baada ya Muungano uliotokana nayo. Uhuru wa Kongo, 30/6/1960, na Muungano wenyewe, 26/4/1964, zimesalimika kwa sababu ya ukubwa wa namba zake. Kenya, 12/12/1963, imesalimika kwa kuwa tarakimu zake zimelingana. Usahihi wa historia haupaswi kutegemea bahati ya namba.

Kutaja siku ya juma kungetosha kuokoa tarehe nyingi. "Jumapili, 12/1/1964" haiwezi kusomwa kama Desemba, kwa kuwa 1 Desemba 1964 ilikuwa Jumanne. Mwandishi wa zamani aliyetaja jina la siku pamoja na tarehe alimwachia msomaji wa baadaye kipimo cha kuhakikishia. Mhariri anayeliondoa jina hilo kwa kuliona la ziada anaondoa ushahidi.

Lugha ya umma nayo ina hekima yake. Saba Saba na Nane Nane ni tarehe zilizogeuka majina. Zinatamkwa kwa namba, lakini haziwezi kupinduliwa. Saba Saba ya Tanzania hukumbusha kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na ya Kenya hukumbusha vuguvugu la 1990. UNESCO imeifanya 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa tarehe za namna hii mwanzo wa hesabu hauleti shida. Lakini zipo kumi na mbili tu kwa mwaka, na mambo ya watu hutokea siku zote.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba utata katika siku, miezi, miaka na mikwaju una chanzo kimoja. Mwandishi huhesabu kutoka mahali anapopajua, na msomaji huhesabu kutoka mahali pengine. Hakuna sababu ya kumlaumu mwandishi wa Pate kwa kutotaja kilichokuwa wazi kwa jirani zake. Lawama inamhusu mhariri, mtafsiri na ofisi ya leo, wanaojua kwamba msomaji yuko mbali na bado wakanyamaza.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mhariri wa maandishi ya kale ainukuu tarehe kwa maneno yake ya asili, pamoja na jina la mwezi na la siku, kabla ya kuibadili. Pili, mwaka wa Hijria usio na mwezi ubadilishwe kuwa miaka miwili ya Miladi, kwa mfano 1728/29, na vitabu vya shule na mitihani vikubali hivyo. Tatu, katika andiko lolote la Kiswahili linaloweza kuvuka mpaka, mwezi uandikwe kwa jina na si kwa namba. Mpangilio wa kimataifa wa mwaka, mwezi na siku, kama 1964-01-12, ubakizwe kwa mashine na orodha. Nne, ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni ueleze mwanzo wa juma na mwanzo wa usiku, badala ya kutoa orodha za kukariri.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha wala tume. Yanahitaji mhakiki asimame penye tarehe kama anavyosimama penye sitiari, na aulize hesabu hii imeanzia wapi.